Damu Tumetoa, Hesabu Ziko Wapi?

Mhadhara wa hadhara uliotolewa Kihoto, Naivasha

Baadhi yenu mmetoka zamu ya mashamba ya maua mkaja hapa kabla ya kufika nyumbani, kwa hivyo nitasema lililonileta bila kuzunguka.

Nimekuja kuzungumzia programu za takwimu, zile programu za kompyuta ambazo watafiti wa dawa na wa jinomu, yaani herufi zote za urithi wa mtu, hutumia kupiga hesabu zao. Watu huidhania mada hii kuwa ya wataalamu waliojifungia ofisini. Mimi nashikilia kwamba ni yenu kabla ya kuwa yao. Utafiti ukija mtaani, mnaletewa karatasi ya ridhaa. Inasema mtatolewa damu vijiko vingapi vya chai, itawekwa kwenye friji ya wapi, kwa miaka mingapi, na nauli mtarudishiwa kiasi gani. Ni maelezo mazuri na ya lazima. Lakini tafuteni humo mahali panapoeleza hesabu itapigwaje, na nani, kwa amri zipi, na kama mtu mwingine ataruhusiwa kuirudia aone kama anapata jibu lile lile. Mara nyingi hamtapaona. Na damu ikikaa kwenye kichupa haisemi kitu. Dawa huidhinishwa au huachwa, na mtoto wa kesho hutundikiwa dripu au hatundikiwi, kwa sababu ya hesabu iliyopigwa juu ya damu ile.

Tuanzie karibu. Ukishika barabara ya kwenda Nakuru, kabla ya Elmenteita unapita Gilgil. Huko ndiko alikokulia Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini mwaka wa 1925 na kulelewa shambani kwa wazazi wake, juu ya Bonde la Ufa. Mwaka wa 1949, akiwa mwanafunzi Oxford, alikuja na msafara wa chuo hicho uliokuwa ukienda Mlima Kenya, akakusanya sampuli za damu za watu wa jamii mbalimbali. Aliona kwamba pwani na kando ya Ziwa Victoria watu wengi walikuwa na jeni ya selimundu, mahali pengine zaidi ya mtu mmoja katika kila watano, ilhali nyanda za juu ilikuwa nadra sana kuipata. Ramani ya selimundu ilikuwa inaifuata ramani ya malaria. Akajiuliza: je, mtu aliyerithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu anakingwa na malaria?

Mwaka wa 1954 alichapisha jibu lake katika jarida la madaktari wa Uingereza. Alikuwa amepima watoto 290 wa Buganda. Kati yao 43 walikuwa na jeni ya selimundu, na 12 katika hao 43 walikuwa na vimelea vya malaria kwenye damu. Waliobaki, 247, hawakuwa na jeni hiyo, na 113 kati yao walikuwa na vimelea. Kwa asilimia ni 27.9 dhidi ya 45.7.

Hapa ndipo mtu mwenye akili timamu anapopaswa kuuliza: tofauti hii ni ya kweli, au bahati imetuchezea? Chukueni kadi 290. Kwenye kadi 125 andikeni "ana vimelea" na kwenye 165 andikeni "hana". Zichanganyeni vizuri, kisha chomoeni 43 bila kuangalia, mhesabu zenye vimelea. Kama jeni haina kazi yoyote, kwa wastani mtapata 18 au 19. Allison alipata 12. Je, bahati tupu huweza kuleta 12? Huweza, lakini mara ngapi? Rudisheni kadi, changanyeni tena, hesabuni tena, na tena, mara 10,000. Kwa mikono ni kazi ya miezi. Kompyuta hii mnayoiona mbele yenu inaimaliza kabla sijamaliza sentensi. Amri zake ni mistari minne tu, nimeitupa ukutani ili kila mtu aisome: wa kwanza unaunda kadi, wa pili unachanganya na kuchomoa, wa tatu unarudia, wa nne unahesabu ni mara ngapi tofauti imekuwa kubwa kama ile ya Allison au kuipita. Jibu ni chini ya mara 5 katika kila 100.

Ni ushahidi, ila hauzimi ubishi. Allison mwenyewe aliendelea mbele. Alichukua wanaume 30 Waluo waliojitolea, 15 wenye jeni na 15 wasio nayo, wakaambukizwa malaria makusudi na kufuatiliwa. Wasio na jeni, 14 kati ya 15 walipata vimelea. Wenye jeni, 2 kati ya 15. Tukichanganya kadi 30 kwa namna ile ile, tofauti kubwa kama hii hutokea kama mara 2 katika kila 100,000. Watu 30 wametoa jibu zito kuliko watoto 290, kwa sababu jaribio lilipangwa ili swali moja lijibiwe, na maambukizi hayakuachiwa bahati. Jambo hilo ni la kukumbuka mkisikia mtu anajisifu kwa wingi wa data aliyo nayo.

Siwezi kupita hapo bila kusema lililo moyoni. Ilikuwa miaka ya ukoloni, na watu waliambukizwa ugonjwa unaoua. Leo tafiti za kuambukiza kwa makusudi bado hufanywa, hata Kilifi zimefanywa, lakini kwa idhini ya kamati za maadili, kwa ridhaa iliyoelezwa, na tiba ikiwa tayari mkononi. Vitabu vya sayansi vinamtaja Allison kwa jina. Wale wanaume 30 wametajwa kwa idadi. Angalau idadi hizo zilichapishwa kamili, na ndiyo maana tumeweza, zaidi ya miaka 70 baadaye, kuirudia hesabu yao tukiwa Kihoto.

Programu niliyotumia inaitwa R. Iliandikwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na toleo lake la 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari 2000. Haiuzwi. Anayetaka anaipakua, anasoma ilivyoundwa ndani, na anaibadilisha. Zipo nyingine zinazolipiwa leseni, kama SAS, iliyozaliwa katika chuo kikuu cha jimbo la North Carolina, na Stata, iliyoanza 1985. Ni programu nzuri na kazi kubwa zimefanywa nazo. Kwa miaka mingi watu waliamini kwamba mamlaka ya dawa ya Marekani haikubali hesabu isiyotoka SAS. Mwaka wa 2015 mamlaka hiyo ilitoa tamko kwamba haimlazimishi mtu kutumia programu fulani. Kwa kijana anayesoma takwimu Egerton, Njoro, tamko hilo lina maana kubwa kuliko linavyoonekana: chombo anachoweza kukipata bure kinatosha kufikishia hesabu yake mahali popote duniani.

Sasa niwaambie habari ya jaribio ambalo kila mzazi wa Afrika Mashariki angepaswa kulijua.

Mtoto anafika hospitali akiwa na homa kali. Mikono na miguu imekuwa baridi, mapigo ya moyo ni ya haraka na hafifu, anapumua kwa taabu, hamtambui mama yake. Mwongozo wa miaka ile, ulioandikwa kwa kufuata uzoefu wa hospitali za nchi tajiri, ulisema: mpe maji mengi kwa mshipa, haraka. Na madaktari waliofanya hivyo waliona kwa macho yao mtoto akichangamka. Mikono inapata joto, mapigo yanarudi. Ungemwambia nani kwamba tiba hiyo inahitaji kupimwa?

Profesa Kathryn Maitland, anayefanya kazi Kilifi, pamoja na wenzake wa Kenya, Uganda, Tanzania na Uingereza, waliamua kuipima. Jaribio lilipewa jina FEAST. Lilianza 2009 katika hospitali sita: Kilifi hapa kwetu, Teule iliyoko Muheza nchini Tanzania, na Mulago, Soroti, Mbale na Lacor nchini Uganda. Watoto walipangwa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipewa maji ya haraka yenye albumini, protini ya damu, la pili maji ya chumvi ya haraka, na la tatu halikupewa maji ya haraka kabisa, bali lilitundikiwa dripu ya polepole ya kawaida. Matibabu mengine yote, dawa za malaria, antibiotiki, damu, yalikuwa sawa. Orodha ya nani aende kundi lipi ilitengenezwa kwa kompyuta, kisha ikafungwa katika bahasha zisizopenya mwanga zenye namba mfululizo. Daktari aliye zamu, saa nane ya usiku, mtoto akiwa mbele yake, alifungua bahasha inayofuata na kutii kilichoandikwa. Hakuweza kuchagua. Kutoweza kuchagua huko ndiko kunakoipa hesabu haki ya kusema chochote, kwa sababu daktari akichagua mwenyewe, mtoto aliye hoi zaidi ndiye atakayepewa tiba anayoiamini, na mwishowe hatutajua ni tiba iliyofanya kazi au ni tofauti ya watoto.

Walipanga kuandikisha watoto 3,600 katika sehemu kuu ya jaribio. Hawakufika. Januari 2011, baada ya watoto 3,141, kamati huru inayofuatilia data na usalama ilipendekeza uandikishaji usimame. Ndani ya saa 48, katika kundi la albumini walikuwa wamefariki watoto 111 kati ya 1,050. Kundi la maji ya chumvi, 110 kati ya 1,047. Kundi lisilopewa maji ya haraka, 76 kati ya 1,044. Kwa asilimia ni 10.6, 10.5 na 7.3. Tiba ambayo kila mtu aliiona ikimchangamsha mtoto ilikuwa inaongeza vifo vitatu hivi katika kila watoto 100. Tukichanganya kadi za watoto wote hao 3,141, tofauti kama hiyo kati ya waliopewa na wasiopewa hutokea kama mara 3 katika kila 1,000.

Baadaye watafiti walirudi kwenye data ile ile kutafuta sababu. Waligundua kwamba macho ya madaktari hayakuwa yamedanganywa: saa moja baada ya kupewa maji, watoto wengi zaidi wa makundi hayo walikuwa wametoka katika hali ya mshtuko. Walichangamka kweli. Kisha moyo na mzunguko wa damu vikashindwa. Daktari mmoja, katika wodi moja, akiwa na mtoto mmoja, asingeweza kuliona hilo hata angekuwa hodari namna gani, maana wengi wa watoto katika kundi lolote walipona, na anayefariki Jumanne hafanani kwa lolote na aliyefariki Jumamosi iliyopita. Linaonekana tu mtu anapoweka watoto 3,141 kwenye jedwali moja na kuhesabu kwa uaminifu.

Kwa uaminifu. Hapo ndipo pagumu, na hapo programu ya kompyuta haikusaidii kitu. Kamati kama ile ya FEAST huangalia data mara kadhaa jaribio likiendelea. Ukiangalia mara moja tu mwishoni, ukiwa umekubali hatari ya kudanganywa na bahati mara 5 katika 100, ni sawa. Ukiangalia mara tano, kila mara ukiwa tayari kutangaza ushindi kwa kipimo kile kile, hatari inapanda hadi mara 14 katika 100. Dawa haijabadilika, wagonjwa hawajabadilika. Umechungulia mara nyingi tu. Kwa hiyo sheria ya lini kusimama huandikwa kabla ya mgonjwa wa kwanza kuingia. Vivyo hivyo huandikwa mapema kipimo kikuu ni kipi, kifo ndani ya saa 48 au kitu kingine, na kwamba mtu atahesabiwa katika kundi alilopangiwa hata asipofuata alichoambiwa. Jaribio la Kisumu, lililopima kama tohara huwakinga wanaume na virusi vya Ukimwi, lilienda hivyo. Liliandikisha wanaume 2,784 wa miaka 18 hadi 24, likasimamishwa Desemba 2006 baada ya maambukizi ya virusi vya Ukimwi 22 katika kundi la tohara na 47 katika kundi lingine. Wapo waliopangiwa tohara wasiende. Walibaki katika kundi la tohara kwenye hesabu, kwa sababu swali lilikuwa: tukiwapa watu huduma hii kama watu walivyo, nini kitatokea?

Nikija kwenu sasa. Tuseme jaribio la chanjo linafanywa hapa Naivasha, familia 1,000 zinafuatiliwa kwa miaka miwili. Katikati, ziwa letu linapanda. Mnajua ninachosema, 2020 maji yaliingia nyumba za Kihoto, na 2025 yakarudi. Watu wanahama na magodoro, wengine kwa ndugu Kinangop, wengine hawarudi. Kwenye kompyuta ya mtafiti, kila mtoto ana safu mbili: siku alizofuatiliwa, na namba 1 kama aliugua au 0 kama hakuugua hadi alipoonekana mwisho. Mtoto wa mama aliyehama anawekwa 0 siku yake ya mwisho kliniki. Njia inayotumika hapo iliandikwa na Kaplan na Meier mwaka wa 1958, ni nzuri mno, na iko ndani ya karibu kila programu ya takwimu. Lakini imejengwa juu ya sharti moja: kwamba aliyeondoka ana hatari ya kuugua sawa na aliyebaki.

Niambieni nyinyi, ni sawa? Aliyehama ndiye aliyekaa karibu zaidi na maji. Choo chake ndicho kilichofurika. Mbu walikuwa wake kwanza. Watoto wake ndio waliokuwa na nafasi kubwa ya kuharisha na kuumwa, na hao ndio waliotoweka kwenye jedwali wakiwa na sifuri. Programu haitatoa onyo lolote. Itachora mchoro mzuri wenye mistari miwili, na ukitazama utaona chanjo inafanya kazi zaidi ya inavyofanya kweli, au haifanyi kazi ilhali inafanya, kutegemea kundi gani lilikuwa karibu zaidi na ziwa. Anayeweza kusema "ngoja, hawa walioondoka si kama waliobaki" ni mtu anayejua ziwa lilifika wapi. Ni mhudumu wa afya anayewajua kwa nyumba zao. Kinachotakiwa ni hicho anachokijua kiandikwe kwenye data, safu ya tatu ikieleza kwa nini mtoto aliondoka, na hesabu ipigwe zaidi ya mara moja: mara ya kwanza kana kwamba walioondoka wako sawa na waliobaki, mara ya pili kana kwamba wameugua wote, ili tuone jibu linayumba kiasi gani. Katika R ni kubadilisha mstari mmoja. Kujua kwamba mstari huo unahitaji kubadilishwa ndiyo kazi, na hiyo hufanywa na mtu aliye karibu.

Kuna upande mwingine wa aibu ambao siwezi kuuficha, kwa kuwa ndio unaonisukuma kudai amri ziwe wazi. Mwaka wa 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha katika jarida la Nature Medicine dai kubwa: kwamba kwa kupima jeni zinavyofanya kazi ndani ya saratani, wanaweza kutabiri ni dawa ipi itamfaa mgonjwa yupi. Mwaka uliofuata majaribio ya tiba yakaanza kwa kutegemea dai hilo, na wagonjwa zaidi ya 100 wakaandikishwa. Huko Houston, Keith Baggerly na Kevin Coombes wa kituo cha saratani cha MD Anderson walitaka kujua kama njia hiyo inaweza kuwafaa wagonjwa wao. Data walikuwa nayo. Maelezo kamili ya hesabu hawakuwa nayo. Ikawabidi wafumue kazi nzima kinyumenyume, kwa miaka.

Waliona nini? Mojawapo ya programu zilizotumika ilihitaji mafaili mawili, moja lenye vipimo na jingine lenye majina ya jeni, na faili la majina halikutakiwa kuwa na mstari wa kichwa. Mtu aliliweka likiwa na kichwa. Orodha yote ikateleza mstari mmoja, na jeni nyingi zilizotajwa kwenye makala zikawa ni majirani wa jeni zilizopimwa kweli. Mstari mmoja. Na mahali pengine alama za "saratani inayosikia dawa" na "isiyosikia" zilikuwa zimegeuzwa, maana yake mgonjwa angeweza kupewa dawa ile hasa isiyomfaa. Baggerly na Coombes walichapisha uchambuzi wao 2009, majaribio yakafungwa 2010, makala ile ikaondolewa 2011, na mwaka wa 2015 ofisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia uadilifu wa utafiti iliamua kwamba kulikuwa na data ya kughushi pia. Lakini nataka mlishike hili: kosa la kuteleza kwa mstari halikuhitaji mtu mbaya. Lingeweza kutokea katika ofisi yoyote, kwa mtu yeyote aliyechoka. Kama amri zingekuwa zimewekwa wazi tangu siku ya kwanza, mwanafunzi mwenye jioni moja ya nafasi angeliona.

Na majedwali ya Excel, ambayo kila ofisi hapa nchini inayatumia, yana mtego wake. Kuna jeni iliyokuwa ikiitwa MARCH1, na nyingine SEPT2. Ukiziandika, Excel inadhani umeandika tarehe, na kimyakimya inageuza jina kuwa tarehe 1 Machi au 2 Septemba. Mwaka wa 2016 Mark Ziemann na wenzake wa Melbourne walikagua makala za jinomiki, yaani sayansi ya jinomu, zilizoambatanishwa na orodha za jeni za Excel, wakakuta karibu moja katika kila tano ina makosa ya aina hiyo. Ilipofika 2020 kamati ya kimataifa inayotoa majina ya jeni iliona afadhali ibadilishe majina: MARCH1 ikawa MARCHF1, SEPT2 ikawa SEPTIN2.

Hata jedwali likiwa safi, wingi wa maswali nao ni mtego. Jinomu ya binadamu ina herufi bilioni 3 hivi. Mtafiti anayetaka kujua jeni gani zinahusiana na ugonjwa hupima mahali laki kadhaa hadi milioni kwenye jinomu ya kila mtu, wagonjwa na wazima, kisha programu kama PLINK, iliyotolewa 2007, inalinganisha kila mahali peke yake. Kumbukeni kile kipimo cha mara 5 katika 100. Ukiuliza maswali milioni moja kwa kipimo hicho, bahati peke yake itakuletea majibu 50,000 ya uongo. Ndiyo maana katika jinomiki mtu haaminiwi hadi ushahidi wake uwe wa chini ya mara 5 katika kila 100,000,000.

Tena kuna jambo la asili ya watu. Naivasha ni mji wa watu waliotoka kila upande: Wakikuyu, Waluo, Waluhya, Wakisii, Waturkana, Wakalenjin, Wamaasai wenyeji wa bonde hili. Tuseme mtafiti anachunguza ugonjwa fulani, na kwa bahati wagonjwa wake wengi ni wafanyakazi waliotoka kando ya Ziwa Victoria, na wazima aliowalinganisha nao wengi ni wa nyanda za juu. Programu itamletea jeni ya selimundu ikiwa juu kabisa ya orodha, hata kama haihusiani na ugonjwa huo kwa njia yoyote. Imegundua watu walikotoka tu. Dawa ya kosa hili ipo: kwanza unaiambia programu ikadirie asili ya kila mtu kutokana na jinomu yake yote, kisha ilinganishe wanaofanana. Lakini ili ikadirie vizuri inahitaji jinomu za rejea za watu kama sisi. Katika mradi wa kimataifa wa Jinomu 1000, Kenya iliwakilishwa na Waluhya wa Webuye. Mradi mwingine wa awali uliwachukua pia Wamaasai wa Kinyawa. Katika miradi hiyo miwili, ndio hao tu.

Matokeo ya uhaba wa jinomu za rejea za Waafrika yalionekana wazi 2009, katika utafiti mkubwa wa malaria uliofanywa Gambia. Watafiti walisoma jinomu za watoto zaidi ya 2,000, wakitafuta jeni zinazokinga malaria kali. Ile jeni ya Allison, ambayo kila mtu anajua inakinga, haikuvuka kizingiti. Ilififia, kwa sababu vifaa vya kupimia vilikuwa vimeundwa bila kujua vya kutosha jinsi jinomu za Waafrika zinavyotofautiana hata kati ya majirani. Ilibidi wasome upya herufi za eneo hilo kwa watu wa Gambia wenyewe na kuzilisha kwenye programu, ndipo ishara ikatoka kwa nguvu. Kama jeni tunayoijua ilikaribia kupotea, ni ngapi tusizozijua zimekwisha kupotea? Mwaka wa 2020 jarida la Nature lilichapisha kazi ya muungano wa H3Africa: katika jinomu za watu 426 tu wa bara hili, walipata tofauti zaidi ya milioni 3 ambazo hazikuwahi kuandikwa popote.

Najua kuna anayejiuliza: hesabu zikiwekwa wazi, si damu yangu nayo itawekwa wazi? Hapana, na mtu asiwachanganye hapo. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inaiweka data ya jeni katika kundi la data nyeti, na inapaswa kubaki imefungwa. Kinachodaiwa ni amri. Faili la amri halina jina la mtu, halina damu, halina namba ya simu. Lina maagizo: chukua safu hii, ondoa wasiofika siku ya 28, linganisha kundi la kwanza na la pili. Linaweza kubandikwa ukutani pa kituo cha afya bila kumdhuru mtu, na pamoja nalo mtafiti anaweza kutoa jedwali la kubuni, lenye safu zile zile na watu wasiokuwapo, ili yeyote aendeshe amri aone zinafanya kinachodaiwa.

Kwa hiyo ninawaomba wahudumu wa afya wa jamii, na wote mtakaoitwa kwenye mikutano ya utafiti hapa Kihoto, mwombe karatasi ya ridhaa iongezwe maneno haya, na msione haya kuyaomba: "Mpango wa hesabu za utafiti huu umeandikwa na kuhifadhiwa kabla ya mtu wa kwanza kuandikishwa. Amri zote za kompyuta zitakazotumika zitatolewa bure siku matokeo yatakapotangazwa, pamoja na jedwali la kubuni la kuzijaribia. Mtu anayeishi Naivasha atashirikishwa katika kuzisoma kabla hazijatumika, na jina lake ni hili hapa chini." Kisha iachwe nafasi ya jina, na kabla ya kutia saini mwangalie kama imejazwa.